Ng'ombe wa Maskini na Chupa ya Vitamini: Maelezo Kuhusu Tumbo la Mnyama Acheuaye, Migori na Homa Bay

Utangulizi

Methali isemayo kwamba ng'ombe wa maskini hazai, na akizaa huzaa dume, ni miongoni mwa zile ambazo sisi wanafunzi wa Kiswahili huzijibu upesi mitihanini. Huandika kwamba inahusu bahati mbaya ya mnyonge, tukatunga kisa, tukapata alama, tukaendelea na swali linalofuata. Ni nadra kwetu kujiuliza swali ambalo mfugaji angeanza nalo: kwa nini hasa ng'ombe huyo hazai? Je, maskini ana mkosi, au kuna jambo linalotendeka, ama lisilotendeka, ndani ya tumbo la ng'ombe wake?

Makala haya yanadhamiria kulijibu swali hilo kwa maana yake ya wazi, si ya kitamathali. Sina budi kukiri tangu mwanzo kwamba yamezaliwa na aibu. Mnamo Januari 2023 nilimtembelea mjomba wangu huko Karachuonyo, Kaunti ya Homa Bay. Alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, chotara wa Ayrshire na zebu, aliyekuwa ameumaliza mwaka wa pili bila kushika mimba. Ng'ombe huyo ndiye aliyekuwa tegemeo la karo ya binamu yangu. Mjomba alikuwa ameuza majogoo wawili, akaenda katika duka moja la dawa za mifugo, akauziwa chupa ya vitamini. Sasa alitaka kijana aliyekuwa akimchungia, mzaliwa wa Kehancha, aelezwe namna ya kuitumia. Mjomba ni Mjaluo, kijana ni Mkuria. Lugha yao ya zizini ni Kiswahili.

"Okewo," aliniambia, yaani mpwa wangu, "wewe ndiye uliyesomea Kiswahili hadi shahada ya pili. Tusomee."

Kibandiko cha chupa kilikuwa cha Kiingereza kitupu. Nilikisoma kimya, nikafungua kinywa kutafsiri, nikakwama katika mstari wa kwanza, uliozungumzia kuchachuka kwa chakula katika tumbo la kwanza la ng'ombe. Nilikuwa nikiweza kutofautisha tashibihi na sitiari usingizini, lakini sikujua ng'ombe ana matumbo mangapi. Kijana wa Kehancha alisubiri kwa adabu, kisha akaenda kuteka maji.

Tangu siku hiyo nimesoma, nimeuliza, na nimewasumbua wenzangu wa kitivo cha kilimo. Jambo kuu nililolipata ni hili: vitamini nyingi zilizoorodheshwa katika chupa ile ng'ombe mwenyewe huzitengeneza tumboni mwake, almuradi apewe kitu cha kutengenezea. Na kitu hicho mara nyingi hakipatikani dukani.

Matumbo manne na neno kucheua

Ng'ombe, mbuzi, kondoo, swala na twiga ni wanyama wanaocheua. Kitenzi hiki si kigeni kwa msomaji. Tafsiri ya Kiswahili ya Biblia hukitumia katika Mambo ya Walawi kuwabainisha wanyama wanaoruhusiwa kuliwa. Kucheua ni kukirudisha kinywani chakula kilichokwisha kumezwa ili kitafunwe upya, kwa utulivu, aghalabu mnyama akiwa amelala kivulini. Lugha yetu imelihifadhi tendo hili kwa neno moja fupi kwa sababu wazee wetu walilitazama kwa makini. Kilichokosekana ni majina ya mahali chakula kinapotoka na kinapokwenda.

Mahali hapo ni pane. Yeyote aliyewahi kununua matumbo sokoni Oyugis au Migori mjini amekwisha kuyaona yote, ingawa huenda hakujua. Kuna lile kubwa ambalo ndani yake limefunikwa na vinyweleo vifupi kama taulo. Kuna la pili, lenye vijumba kama sega la nyuki. La tatu limejaa nyama nyembamba zilizopangana kama kurasa za kitabu. La nne ni laini na lenye ute, nalo ndilo linalofanana na tumbo la binadamu, kwani humo ndimo mna asidi na vimeng'enya vya kusagia chakula. Lile la kwanza, la taulo, ndilo linalotuhusu zaidi. Katika ng'ombe mkubwa hujaza takriban upande wote wa kushoto wa fumbatio, na huweza kuchukua lita 100 na zaidi. Wataalamu huliita rumeni, nami nitalitumia jina hilo, japo nilipomwambia mjomba kuwa ni "tumbo la kucheulia" alielewa papo hapo, ilhali "rumeni" ilibidi niirudie mara tatu.

Kuchacha kusiko kuharibika

Hapa ndipo penye ugumu wa kilugha, na ndipo nilipokwama siku ile. Katika Kiswahili cha jikoni, kuchacha ni kuharibika. Mchuzi uliochacha humwagwa. Ukimwambia mfugaji kwamba chakula cha ng'ombe wake kinachacha tumboni, atakimbilia daktari. Hata hivyo, lugha hiyohiyo inajua pia uchachu wenye manufaa. Maziwa lala, ambayo Wakenya wameyafupisha kuwa mala, ni maziwa yaliyoachwa yakalala mpaka vijiumbe vikayageuza. Busaa huchachuliwa makusudi. Chachu ya mkate na neno hili ni ndugu wa shina moja. Kwa hiyo ninapoandika kwamba chakula huchachuliwa katika rumeni, msomaji afikirie chungu cha busaa, wala asifikirie sufuria ya mchuzi wa jana.

Chungu hiki kina joto la karibu nyuzi 39 na karibu hakina oksijeni. Humo huishi bakteria, protozoa na kuvu kwa wingi usiomithilika: katika mililita moja tu ya majimaji ya rumeni huweza kupatikana bakteria bilioni kumi na zaidi. Hao ndio walaji halisi wa nyasi. Jani na bua vimejengwa kwa selulosi, na ng'ombe, kama binadamu, hana kimeng'enya chake mwenyewe cha kuivunja. Vijiumbe vinacho. Vinapoivunja selulosi ili vijipatie riziki, hutoa asidi tatu kama masalio: asidi asetiki, ambayo ndiyo iliyomo katika siki, asidi propioniki na asidi butiriki. Masalio haya ya vijiumbe ndiyo chakula cha ng'ombe. Hufyonzwa kupitia vile vinyweleo vya taulo na kuingia katika damu, na humpa ng'ombe takriban asilimia 70 ya nguvu zake zote. Asidi asetiki husaidia kutengeneza mafuta ya maziwa. Propioniki huenda katika ini na kugeuzwa kuwa sukari, na bila sukari hiyo kiwele hakitoi maziwa. Hewa ukaa na methani, ambazo nazo huzalika humo, hutolewa kwa mbweu. Mbweu ikizuiliwa, tumbo hufura upande wa kushoto na mnyama huweza kufa kwa saa chache.

Vijiumbe huzaana bila kukoma. Vinapozidi, husombwa pamoja na chakula hadi tumbo la nne, na huko asidi huviua na ng'ombe huvimeng'enya. Kwa kawaida zaidi ya nusu ya protini anayoipata ng'ombe hutokana na miili ya vijiumbe hivyo. Tuseme basi kwamba mfugaji hufuga ng'ombe, na ng'ombe naye hufuga vijiumbe. Huvilisha, huvipa joto na maji, kisha huvila. Mfugaji anayemwangalia ng'ombe peke yake anaangalia nusu ya zizi.

Ufugaji huu wa ndani una masharti. La kwanza ni kwamba uchachu usizidi. Ng'ombe mkubwa hutoa mate lita 100 au zaidi kwa siku, na mate hayo yana chumvichumvi za jamii ya magadi zinazopunguza ukali wa asidi. (Sisi wa fasihi simulizi tunalijua ziwa Simbi Nyaima, karibu na Kendu Bay, kwa kisa cha ajuza aliyenyimwa ukarimu na kijiji kikazama. Tulikariri wahusika na maudhui. Hakuna aliyetuambia kwamba maji yake ni ya magadi, na kwamba kila ng'ombe anayepita ukingoni hapo amebeba kinywani dawa ya asili hiyohiyo.) Mate hutoka kwa wingi mnyama anapotafuna na kucheua, naye hucheua akila majani yenye nyuzi. Akila unga mtupu hacheui vya kutosha.

Kijijini kwetu, upande wa Rongo, ng'ombe wa jirani aliwahi kuvunja mlango wa ghala usiku na kula mahindi hadi alfajiri. Siku ya pili alikuwa amekufa. Wakubwa walisema amevimbiwa, na walikuwa sahihi kwa kiasi chao. Wanga wa mahindi huchachuliwa kwa kasi kubwa na kutoa asidi ya maziwa, ileile ya mala, kwa wingi ambao mate hayawezi kuushinda. Vijiumbe wema hufa, ukuta wa rumeni huungua, na maji ya mwilini huvutwa tumboni. Ndiyo maana unga wa ng'ombe wa maziwa hauongezwi kwa ghafla, bali kidogokidogo kwa muda wa wiki mbili hivi, ili vijiumbe vipate nafasi ya kujipanga upya. Maneno hayo pia yalikuwamo katika gunia la unga nililoliona kwa mjomba. Nayo yalikuwa ya Kiingereza.

Vitamini za ndani na vitamini za nje

Neno vitamini lilibuniwa mwaka 1912 na Casimir Funk, mwanakemia mzaliwa wa Poland, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya uhai. Mjomba hulitamka kwa kituo, "vita-mini", akicheka kwamba ni vita vidogo. Tusimcheke sana, kwani kwa kila mfugaji ni vita kweli: vya kujua kipi anunue na kipi aache.

Vitamini za kundi B, pamoja na vitamini K, hutengenezwa na vijiumbe vya rumeni vinapokua. Hii ndiyo tofauti kubwa kati ya ng'ombe na kuku. Kuku hana rumeni. Asipopewa vitamini hizi katika chakula atapinda vidole na kudumaa. Ng'ombe mzima mwenye tumbo linalofanya kazi hazihitaji dukani. Vitamini C naye hujitengenezea katika ini, jambo ambalo sisi binadamu hatuwezi. Nilipoirudia orodha ya chupa ya mjomba nikiwa na maarifa haya, niliona kwamba zaidi ya nusu yake ilikuwa ni kumuuzia mpishi chakula alichokipika mwenyewe.

Zipo hali ambazo kanuni hii haifanyi kazi. Ndama hazaliwi na rumeni iliyokamilika. Maziwa anayonyonya huliruka tumbo hilo kupitia mfereji maalumu na kushuka moja kwa moja hadi la nne, kwa hiyo kwa wiki zake za mwanzo hutegemea vitamini zilizomo katika maziwa. Ng'ombe aliyeugua muda mrefu bila kula, au ambaye uchachu wa tumbo umemharibia vijiumbe, huhitaji kusaidiwa, hasa kwa thiamini, ambayo ikikosekana ubongo huathirika na mnyama huyumba na kupofuka. Aidha, katika nchi kama Marekani, ambako wapo ng'ombe wanaotoa lita 40 kwa siku, wafugaji huongeza biotini ili kuimarisha kwato. Ng'ombe wa mjomba hakuwa na matatizo ya lita 40.

Hali inayonivutia zaidi ni ya vitamini B12. Hii vijiumbe huweza kuitengeneza kwa sharti moja tu: wapate kobalti, madini yanayohitajika kwa kiasi kidogo mno. Wakati wa ukoloni, walowezi waliofuga katika malisho ya Nakuru walishangazwa na ng'ombe waliokonda na kudhoofika huku wamezungukwa na nyasi za kijani. Ugonjwa huo ulipewa jina la mji wenyewe, na jina hilo la Nakuru likaingia katika vitabu vya tiba ya mifugo. Wanyama walipohamishwa, walipona. Mwaka 1935 watafiti wa Australia walibainisha kwamba ugonjwa wa namna hiyo kwa kondoo wao ulitokana na upungufu wa kobalti katika udongo. Lakini kwa nini kobalti? Jibu lilingoja hadi mwaka 1948, vitamini B12 ilipotengwa kwa mara ya kwanza na kuonekana kwamba katikati yake mna chembe ya kobalti. Ng'ombe wa Nakuru hawakuwa na njaa ya nyasi. Vijiumbe vyao vilikuwa na ufundi wote, vikakosa msumari mmoja.

Funzo la kisa hicho kwa mfugaji wa Ndhiwa au Uriri ni jiwe la chumvi ya mifugo lenye madini, kobalti ikiwamo, pamoja na fosforasi, ambayo upungufu wake nao huchelewesha ng'ombe kupata joto la kutaka dume. Chumvi hii haina jina la kuvutia kama vitamini, na pengine ndiyo sababu husahaulika rafuni.

Zilizobaki ni A, D na E, na hizi ndizo za nje hasa. Vitamini D ng'ombe huipata ngozini kwa nguvu ya jua. Katika nchi ya ikweta, mnyama anayeshinda malishoni hana haja ya kuinunua. Vitamini E imo katika majani mabichi. Vitamini A ndiyo yenye uzito zaidi. Mmea hauna vitamini A yenyewe bali una karotini, rangi ya manjano iliyojificha nyuma ya ukijani wa jani, na mwili wa ng'ombe huigeuza. Ng'ombe aliyekula majani mabichi msimu wa mvua huweka akiba katika ini inayoweza kumtosha miezi kadhaa. Akiba ikiisha, dalili huanza: hushindwa kuona magharibi na kujigonga katika ua, huharibu mimba, huzaa ndama dhaifu au kipofu, kondo la nyuma hukwama. Mabua ya mahindi yaliyokauka shambani hadi yakawa meupe hayana karotini ya kutajika, wala nyasi zilizohifadhiwa juani miezi mingi.

Hata hivyo, vitamini A inayonyweshwa kwa kinywa hupitia rumeni, na huko sehemu yake huharibiwa na vijiumbe hivyohivyo kabla haijafyonzwa. Uharibifu huo huzidi mnyama anapolishwa nafaka nyingi. Kwa hiyo, katika chupa nzima ya mjomba, kitu kimoja tu ndicho ambacho huenda ng'ombe wake alikihitaji, na hata hicho kilikuwa na safari ya hatari.

Kinacholiwa Migori na Homa Bay

Tuje sasa kwa malisho yenyewe, kwani hapa ndipo methali yetu inapopata jibu. Mvua za masika huanza Machi na za vuli hufuatia kuelekea mwisho wa mwaka. Januari na Februari ni kavu, na ukavu huo huuma zaidi Nyatike na ukingoni mwa ziwa kuliko Rongo na Awendo. Katika miezi hiyo chakula kikuu cha ng'ombe wengi ni mabua ya mahindi na ya mtama. Tatizo kubwa la mabua si vitamini. Ni protini. Chakula chenye protini chini ya asilimia 7 hivi hakivitoshi vijiumbe. Huzaana polepole, selulosi haivunjwi, na mabua hukaa tumboni siku nyingi bila kusagika. Ng'ombe huonekana ameshiba, tumbo limejaa, ilhali ana njaa. Mwili unaokonda husitisha kwanza yale yasiyo ya lazima kwa uhai wake, na uzazi ndio wa kwanza kusitishwa. Hapo ndipo ng'ombe wa maskini hazai. Naye tajiri wa methali, kwa dhana yangu, ni yule mwenye kitu cha kijani Januari.

Kitu hicho kipo karibu kuliko tunavyodhani. Kabondo, katika kaunti hiyohiyo ya Homa Bay, inasifika kwa viazi vitamu, na kila shamba la viazi lina marando yake. Marando yana protini inayofika mara nyingi asilimia 15 na zaidi, tena yamejaa karotini. Wapo wanaoyaacha yaoze baada ya kuvuna. Yakiwa mengi huweza kunyaushwa kidogo, kukatwakatwa na kuvundikwa kwenye shimo au mfuko usioingiza hewa. Kitenzi hiki, kuvundika, nacho ni hazina: anayevundika ndizi ziive amekwisha kuelewa nusu ya elimu ya sileji. Tofauti ni kwamba katika sileji hewa hufungiwa nje kabisa, vijiumbe vikatoa asidi ya maziwa, na asidi hiyo ikayahifadhi majani kwa miezi. Ni kuchacha kulekule kwa rumeni, kumeanzia nje.

Pale Mbita, ukingoni mwa Ziwa Viktoria, kuna kampasi ya Kituo cha Kimataifa cha Fiziolojia na Ekolojia ya Wadudu, kinachojulikana kama ICIPE, ambacho kiliasisiwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970. Katika miaka ya 1990 watafiti wa kituo hicho, wakishirikiana na wenzao wa Rothamsted, Uingereza, na wa taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kenya, waliunda mbinu ya sukuma-vuta kwa ajili ya mahindi. Desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, hupandwa kati ya mistari. Harufu yake huwafukuza nondo wa viwavi vya mabua, na mizizi yake huidhoofisha kayongo, lile gugu lenye maua ya zambarau linalonyonya mahindi. Pembeni hupandwa nepia au brakiaria ili kuwavuta nondo hao. Lengo lilikuwa mahindi, lakini mavuno ya pili yakawa ya ng'ombe: desmodiamu huleta protini na karotini, nyasi huleta nyuzi za kucheua. Nepia yenyewe ikatwe ikiwa na urefu wa mita moja hivi. Ikiachwa ikomae kama mianzi, mkulima amevuna kuni.

Molasi ya viwanda vya sukari, Awendo na kwingineko, ni sukari ya haraka kwa vijiumbe na huwashawishi ng'ombe kula mabua. Haina protini ya maana. Ikitolewa kwa wingi bila majani huweza kudhuru: huko Kuba, ambako ng'ombe walilishwa molasi kama chakula kikuu, baadhi yao walipatwa na kuyumba na upofu hata wafanyakazi wakauita ugonjwa huo ulevi. Vilevile urea, mbolea inayojulikana na kila mkulima, huweza kugeuzwa na vijiumbe kuwa protini, lakini kwa kipimo kidogo sana kilichochanganywa vyema na kwa maelekezo ya mtaalamu. Ng'ombe mwenye njaa akiilamba peke yake huuawa na amonia. Sithubutu kumwachia mtu kipimo hicho kwa kusoma makala ya mwanafunzi wa fasihi. Nayo omena, ambayo protini yake huzidi nusu ya uzito wake mkavu, ni nzuri kwa ndama na kuku, ila bei yake ya siku hizi huwafanya watu waile wao wenyewe, na wana haki.

Kuhusu maneno, na kuhusu ng'ombe wa mjomba

Tangu mwaka 2010 Katiba ya Kenya imekitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Maduka ya dawa za mifugo hayajapata habari. Lakini sioni haki ya kuwalaumu wenye maduka pekee. Katika vikao vyetu vya istilahi tumeshindana kwa miaka kama tuseme tarakilishi au kompyuta, huku neno la kumwambia mchungaji kwamba asimpe ng'ombe unga wote kwa mara moja likiwa limelala katika vinywa vya watu: kucheua, kuchachua, kuvundika, kuvimbiwa, marando. Mtu anayetaka kuandika kibandiko kwa Kiswahili ataanza na haya. Kobalti na karotini zitafuata kama wageni wanaofuata mwenyeji.

Nilirudi Karachuonyo Machi mwaka uleule. Kwanza mjomba alimwita afisa wa mifugo ampime ng'ombe njia ya uzazi, kwani si kila utasa hutokana na chakula. Hakukuwa na maambukizi. Kisha tukakaa chini ya mwembe, mimi, mjomba na kijana wa Kehancha, nikaeleza yote haya kwa Kiswahili. Kijana aliniuliza swali moja lililonishinda kwa muda: ikiwa vijiumbe ndivyo vinavyokula, je, vikishiba, ng'ombe anajuaje? Jibu la karibu zaidi nililokuwa nalo ni kwamba hucheua. Akaanza kuhesabu. Kila jioni alimtazama ng'ombe aliyelala na kuhesabu mara anazotafuna kila tonge kabla ya kulimeza. Zilipofika hamsini na kuendelea alimwambia mjomba kwamba mambo ni mazuri. Mwalimu wa kitivo cha kilimo niliyemsimulia alisema ndicho kipimo wanachowafundisha wanafunzi wao.

Marando yalinunuliwa kwa mafungu, jiwe la chumvi likafungwa ukutani, mistari michache ya desmodiamu ikaombwa kwa jirani. Chupa ya vitamini iliishia kwa kuku. Ng'ombe alipata joto mwezi Juni, akahimilishwa Julai, na Aprili 2024 mjomba alinipigia simu alfajiri. Alisema amezaa salama, kisha akanyamaza, nami nikajua kabla hajasema.

"Okewo," akasema, "ni dume. Kijana amempa jina Vitamini."